Bega kwa bega bila rafu: zoezi la mabinti wa chini ya miaka 15

Rafu nyingi za mabinti si roho mbaya, ni kuchelewa: beki anafika mpira ukishaondoka, njumu inatua kwenye ugoko. Rekebisha miguu kabla ya kuhubiri nidhamu.

Panga koni, njia ya mita 10 kwa 2. Weka wawili wenye umbo linalolingana, viringisha mpira mbele yao. Wanaukimbilia sambamba, magoti yamekunjwa kidogo, mkono wa ndani umebana ubavuni. Kusukumana kwa bega kunaruhusiwa mradi mpira uko karibu kiasi cha kuchezeka na nguvu si za kupitiliza. Kiwiko kikitoka, au bega likipiga mgongo, puliza filimbi. Rudieni mara 6 kila upande. Anayeanguka ovyo mara nyingi amesimama wima mno.

Wavutaji wa jezi washikishe soksi iliyokunjwa kila mkono. Ikidondoka, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Wafundishe pia Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo: faulo ya uzembe haina kadi, ya kutojali hatari kwa mwenzako ni njano, ya nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Wazazi wanaopiga kelele “mvunje!” nao waelezwe, tena mapema.

Binti akianza kulipiza kisasi, mtoe kabla mwamuzi hajamtoa. Kama kanuni za mashindano zinaruhusu, mrudishe akishatulia. Aliyegongwa kichwani akaonyesha kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa harudi uwanjani siku hiyo, hata akisisitiza yuko sawa; apelekwe kwa daktari.