Kuunda kitambuzi cha plasmoni juu ya meza: prizimu, leza na dhahabu ya nanomita 50

Paka kioo dhahabu ya nanomita 50, kisha piga leza kupitia upande wa kioo. Kwenye pembe moja mahususi mwanga unaoakisiwa unakaribia kuzimika. Haukupita upande wa pili: umemezwa na wimbi la elektroni linalotambaa juu ya uso wa dhahabu, ndilo linaloitwa plasmoni. Wimbi hilo linahisi kitu chochote kilichoko ndani ya nanomita 200 hivi kutoka kwenye dhahabu. Fahirisi ya mpindo (n) ya hapo, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyopinda mwanga, ikibadilika kidogo tu, pembe ya kuzimika inahama. Kretschmann na Raether walichapisha mpangilio huu mwaka 1968, na mashine za bei kubwa zinazopima protini zikigusana zinautumia mpaka leo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuona bonde la plasmoni (mwanga unavyoshuka kwenye grafu karibu na pembe ya kuzimika) kwa vifaa vya maabara ya kawaida, kisha apime nalo kitu.

Vifaa

Leza ya nanomita 633 au 650, isiyozidi miliwati 5. Polaraiza moja (kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu). Meza ya kuzungusha inayosomeka angalau hadi sehemu ya kumi ya nyuzi. Fotodayodi ya BPW34 (inageuza mwanga kuwa mkondo wa umeme), betri ya volti 9, resista ya kilo-omu 10 na multimita. Mafuta ya hadubini, yale ya lenzi ya mara 100 (n yake ni 1.515 hivi). Vioo vilivyopakwa dhahabu. Na prizimu ya kioo cha BK7 (aina ya kioo cha lenzi, n yake nayo 1.515 hivi).

Kwenye prizimu usikosee: nunua yenye pembe tatu sawa, nyuzi 60 kila moja. Michoro mingi huonyesha ya nyuzi 45 kwa sababu inapendeza kuchora. Juu ya dhahabu kukiwa na hewa inafanya kazi vizuri, lakini kukiwa na maji itakutesa, na sababu iko hatua ya 4. Nusu-silinda ni bora kuliko zote, kwa kuwa mwanga unaingia bila kupinda na pembe unayosoma ndiyo pembe yenyewe, ila bei yake haina huruma na ni lazima uielekeze katikati kabisa.

Leza ya heliamu na neoni isiyo na polarizesheni maalumu iache. Inapopata joto, nguvu inayopita kwenye polaraiza inapanda na kushuka yenyewe, na utadhani sampuli yako ina uhai. Moduli ya dayodi ya bei nafuu ni afadhali, mradi uiache iwake nusu saa kabla ya kupima.

Hatua ya 1: Dhahabu

Kama unapaka mwenyewe kwa mashine ya kuvukiza metali ndani ya ombwe, anza na kromiamu nanomita 2 ili dhahabu ishike, kisha dhahabu nanomita 48 hadi 50, bila kufungua ombwe katikati. Ukifungua, kromiamu inashika oksijeni na dhahabu itabanduka siku utakapopitisha maji. Kromiamu ikizidi nanomita 5, bonde linapanuka.

Unene wa dhahabu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa nanomita 30, bonde ni pana na halifiki chini. Ikiwa nanomita 70, mwanga haufiki vizuri uso wa juu na bonde linakuwa kijishimo tu. Jihadhari na mashine za kupaka sampuli za hadubini ya elektroni: nyingi zimefungwa dhahabu iliyochanganywa na paladiamu, na hiyo inageuza bonde kuwa sinia. Uliza kwanza kilichomo.

Kusafisha ni asetoni, isopropanoli, kisha puliza kwa naitrojeni. Usifute kwa karatasi. Mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na hidrojeni peroksaidi unasafisha kweli, lakini hulipuka ukikutana na asetoni iliyobaki, na kwa kazi hii hauhitajiki. Ozoni ya taa ya UV kwa dakika 10, kisha ethanoli, inatosha.

Hatua ya 2: Kubandika kioo kwenye prizimu

Tone moja dogo la mafuta, mikrolita 5 hivi, katikati ya prizimu. Shusha kioo ukianzia ukingo mmoja, dhahabu ikitazama juu, na uache mafuta yatambae yenyewe. Kiputo kikibaki mahali mwale unapopiga, ng'oa, safisha, rudia, usijaribu kukisukuma. Mafuta yakizidi yatapanda ukingoni na kumwagikia dhahabu, na kioo hicho ndiyo basi tena.

Slaidi ya kawaida ya hadubini, ambayo n yake inatofautiana kidogo na ya BK7, haina madhara. Bapa lenye nyuso sambamba halibadilishi hesabu ya mwisho. Kinachoharibu ni pengo la hewa: kupita nyuzi 41.3 mwanga wote unaakisiwa kwenye pengo hilo na hauifikii dhahabu. Utaona mwanga mkali kila pembe na hutaona bonde lolote.

Hatua ya 3: Polarizesheni

Plasmoni inaitikia mwanga wa aina moja tu: ule ambao mtikisiko wake uko kwenye bapa lile lile la mwale unaoingia na unaotoka. Huu huitwa p. Prizimu inayozunguka juu ya meza kwa mhimili wa wima, p ni mtikisiko wa mlalo. Mwanga wa wima, yaani s, utakupa mstari mnyoofu usiku kucha.

Usiamini alama iliyochorwa kwenye fremu ya polaraiza. Weka kioo cha kawaida kisicho na dhahabu, kikiwa kimesimama wima, pale prizimu itakapokaa. Kizungushe mpaka mwale uingie kwa nyuzi 56.6. Zungusha polaraiza mpaka kidoti kinachoakisiwa ukutani kikaribie kutoweka. Hiyo ndiyo p. Weka alama kwa kalamu.

Hatua ya 4: Pembe

Hapa ndipo siku nzima inapoishia. Vitabu vinasema bonde la dhahabu kwenye maji liko nyuzi 72 au 73. Mtu anazungusha meza mpaka 72, haoni kitu, anaanza kulaumu dhahabu. Dhahabu haina kosa. Nyuzi 72 ni pembe ya *ndani ya kioo*, kati ya mwale na mstari unaotoka kwenye uso wa dhahabu kwa nyuzi 90. Meza yako inasoma pembe ya *nje*, na mwale ulipinda ulipoingia kwenye kioo.

Kwa prizimu ya nyuzi 60, ita α pembe kati ya mwale wa nje na mstari unaotoka kwenye uso wa kuingilia kwa nyuzi 90. Iwe chanya pale mwale unapozidi kulala sambamba na dhahabu. Basi:

pembe ya ndani = 60 + asin(sin α ÷ 1.515)

Kwa leza ya 633, bonde la hewani huwa karibu na 43.7 ndani, sawa na α ya −25. La maji huwa karibu na 72.7 ndani, sawa na α ya +19.4. Tofauti ya ishara peke yake inatosha kukupoteza: ukizungushia upande usio wake, hutafika. Kwa leza ya 650 bonde la maji hushuka kwa nyuzi 1 hadi 1.5, kwa kuwa dhahabu haina tabia moja kwa rangi zote.

Sasa weka prizimu ya nyuzi 45 kwenye hesabu hiyo hiyo, ukianza na 45 badala ya 60. Ili kufika 72.7 ndani, α inakuwa karibu 45. Jumlisha: mwale wa nje unakuwa karibu sambamba kabisa na dhahabu. Kishikizo cha kioo, chemba ya maji, hata ukingo wa slaidi, vyote vinakaa njiani mwa mwale. Ndiyo maana ya nyuzi 60.

Sifuri utaipata hivi: zungusha mpaka mwale unaoakisiwa na uso wa kuingilia urudi kwenye tundu la leza. Hapo α ni 0. Karatasi yenye tundu dogo mbele ya leza inakuonyesha kidoti kinachorudi kiko umbali gani na tundu. Kwa umbali wa mita moja, kosa la milimita 2 ni sehemu 6 za mia za nyuzi.

Kisha hakiki. Acha sehemu ya kioo bila dhahabu na ipime kwanza, hewani. Kuna pembe ambapo uakisi unaruka ghafla kutoka hafifu hadi kamili: 41.3 ndani, yaani α ya −29.1. Ukiiona kwenye −28.6, sifuri yako ina kosa la nusu nyuzi. Lisahihishe kwenye daftari, usiguse meza. Na kila mara fikia pembe ukitokea upande mmoja, maana gia za meza za bei nafuu zina ulegevu.

Fotodayodi lazima izunguke mara mbili ya prizimu. Kama huna meza ya pili, weka lenzi pana ya kukusanya mwanga mbele yake na uisogeze kwa mkono kila nyuzi chache, ukitafuta usomaji wa juu kabisa. Inachosha, lakini inakwenda.

Hatua ya 5: Kusoma mwanga

Unganisha BPW34 kinyume na betri ya volti 9, ikifuatana na resista ya kilo-omu 10, na upime volti juu ya resista. Miliwati 1 itakupa volti 4 hivi. Ukikaribia volti 9, fotodayodi imeshiba na bonde lako litaonekana limekatwa bega, punguza resista. Vika fotodayodi bomba la karatasi nyeusi, zima taa.

Pima kwa p, zungusha polaraiza nyuzi 90, pima tena kwa s, gawanya p kwa s. Kugawanya huku kunafuta sehemu kubwa ya makosa yanayotokana na mwale kuhama mahali. Hewani bonde lina upana wa nyuzi 1 hivi, kwa hiyo ukipiga hatua ya nyuzi nzima unaliruka. Kwenye maji ni nyuzi 5 hadi 7.

Hatua ya 6: Maji na sukari

Chemba ni kipande cha mpira wa silikoni wa milimita 2 chenye tundu la milimita 10 kwa 5, kimebanwa juu ya dhahabu. Urefu wa tundu ufuate mwale: kwenye nyuzi 72, kidoti cha milimita 1 kinatandazika zaidi ya milimita 3.

Pima maji. Kisha gramu 5 za sukari ya mezani kwenye gramu 95 za maji: n inapanda kutoka 1.3330 hadi 1.3403, na α ya bonde inatoka 19.4 hadi karibu 21.3. Kwa gramu 10 kwenye 90, n ni 1.3479 na α karibu 23.5. Usipite hapo, kwa sababu unakaribia 90 ya ndani na mstari unapinda. Mabadiliko yako yakiwa chini ya nusu ya haya, sukari haijachanganyika au mwale unapiga nje ya tundu.

Joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, n ya maji inashuka kwa 0.0001 hivi, na bonde linahama sehemu 16 za elfu za nyuzi kwa pembe ya ndani. Tabaka la protini huhamisha sehemu chache za kumi. Kiyoyozi kinachowaka na kuzima kitaonekana kwenye grafu yako waziwazi.

Hatua ya 7: Kushika protini

Loweka kioo usiku mzima kwenye asidi ya 11-mercaptoundecanoic (inajishika kwenye dhahabu na kuacha asidi juu), milimola 1 kwa lita ya ethanoli. Suuza kwa ethanoli. Washa uso kwa EDC (mola 0.4) na NHS (mola 0.1), kemikali zinazowezesha asidi hiyo kuungana na protini, zichanganywe sawa kwa sawa papo hapo, dakika 7. Pitisha kingamwili, ndiyo itakayokamata protini unayoipima, mikrogramu 20 hadi 50 kwa mililita ndani ya bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya asetati yenye pH 5. Ziba nafasi zilizobaki kwa ethanolamini mola 1, pH 8.5.

Bafa ya Tris isikaribie kabla ya kuziba. Ina amini, nayo itakamata nafasi zote kabla ya kingamwili kufika. Kopo la EDC likitoka kwenye friza, liache lifikie joto la chumba ndipo ulifungue. Unyevu ukiingia, unga unakufa kimya kimya na jaribio la mwezi ujao halitafanya kazi.

Kufuatilia kwa wakati, kaa upande wa kushoto wa bonde, nusu ya kina chake, usizungushe tena. Protini ikishika, bonde linahamia kulia na volti inapanda. Usiandike matokeo wakati sampuli bado inapita, kwa sababu sampuli yenyewe ina n yake. Rudisha bafa ile ile ya mwanzo, subiri volti itulie. Kilichobaki juu ya mstari wa mwanzo ndicho kilichoshika. Pitisha pia albumini ya ng'ombe, miligramu 1 kwa mililita, kwenye kioo kingine kisicho na kingamwili. Nayo ikipanda sawasawa, unachopima ni kunata tu.

Vioo vilivyobaki vihifadhi kwenye ethanoli, chupa imefungwa, dhahabu isigusane na kioo kingine.