Mambo ya kuzingatia kabla ya kuandika mwaka kwenye mfumo wako

Saa ya seva iwe sahihi, na majira yawe ya Afrika Mashariki. Tarehe ihifadhiwe kwenye kanzidata kama tarehe, si kama maandishi. Mwaka uwe na tarakimu nne. Haya unayajua, yafanye tu.

Sasa tulia hapa. Kompyuta ina aina mbili za mwaka: mwaka wa kalenda, na mwaka wa wiki wa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe. Katika huu wa pili, wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ni ile yenye tarehe 4 Januari. Kwa hiyo siku za mwisho za Desemba zinaweza kuhesabiwa mwaka unaokuja, na za mwanzo wa Januari zikabaki mwaka uliopita. Siku nyingine zote miaka hiyo inalingana, ndiyo maana ukijaribu mfumo Juni huoni kasoro.

Aina ya mwaka huchaguliwa kwa herufi za muundo wa tarehe unazoandika kwenye programu. Soma maana ya kila herufi kabla ya kunakili. Kwenye lugha ya Java, yyyy ndogo ni kalenda, YYYY kubwa ni mwaka wa wiki. PHP ina Y kwa kalenda na o kwa wiki; Python ina %Y na %G. Kanzidata ya PostgreSQL ni kinyume cha Java: YYYY kubwa ndiyo kalenda, wiki ni IYYY. Mazoea ya lugha moja yatakuangusha kwenye nyingine.

SACCOS moja hapa Dodoma, yenye wakulima wengi wa zabibu, ilikuwa na mfumo wa Java ulioandikwa YYYY-MM-dd. Jumatatu ya 30 Desemba 2024 wanachama walipanga foleni kulipa marejesho kabla mwaka haujafungwa. Siku hiyo imo katika wiki ya kwanza ya 2025, basi mfumo ukaandika 2025-12-30. Januari ukatafuta malipo ya Desemba, haukuyaona, ukatoza faini za kuchelewa. Mama mmoja wa Mpunguzi akaja dirishani na risiti.

“Mama, mfumo unaonyesha hujalipa.”

“Sasa mwanangu, karatasi hii nimeitoa wapi?”

Akarudishwa nyumbani, na wadhamini wake wakapigiwa simu. Nilipoitwa kuangalia, kubadilisha herufi kulikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kulinganisha kila risiti na daftari la keshia, moja baada ya nyingine. Faini zilifutwa. Yule mama alistahili kuombwa radhi mbele ya wadhamini wake, na nilimwambia meneja hivyo.

Kwa hiyo jaribu tarehe hizi kabla ya kukabidhi mfumo: 30 Desemba 2024, 29 Desemba 2025 na 1 Januari 2027. Hiyo ya mwisho, kwa mwaka wa wiki, ni 2026. Iweke kama mfano kwenye nyaraka zako; ukiandika “mwaka” peke yake, anayekuja baada yako atabahatisha.

Mwaka wa wiki uende na namba ya wiki tu: kwenye Python, %G na %V (namba ya wiki) pamoja. Ukichanganya %Y na %V, 30 Desemba 2024 itakuwa wiki ya 01 ya 2024, na mauzo yake yataruka hadi mwanzo wa ripoti.

Mwaka wa fedha wa Serikali, unaoanza 1 Julai, ukokotoe kivyake. Chukua nakala rudufu kabla ya kugusa rekodi za zamani. Na Desemba ikishaanza, usibadilishe chochote kwenye tarehe za mfumo wa fedha bila mhasibu kukaa pembeni yako.