Kimeta: kuchanja mifugo, na la kufanya ukikuta mzoga

Mfugaji hachanjwi kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo ghafla na kuambukiza watu. Chanjo ya binadamu ipo, lakini hupewa zaidi watu wa maabara na wanajeshi. Kinga ya mfugaji, mchinjaji na mlaji ni sindano anayochomwa ng'ombe.

Chanjo inayotumika sehemu nyingi inatokana na aina ya bakteria iitwayo Sterne 34F2, iliyopatikana Afrika Kusini miaka ya 1930. Ndani ya chupa mna spora hai (bakteria aliyejifunga na kulala, akisubiri kuamka) za bakteria aliyepoteza gamba lake, kwa hiyo hana nguvu ya kuua mnyama wa kawaida. Neno "hai" ndilo la kushika, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo.

Kosa la kwanza ni spiriti. Ukisafisha bomba la sindano kwa spiriti au dawa nyingine ya kuua vijidudu, unaiua chanjo kabla haijafika kwenye ngozi. Chemsha bomba na sindano, uziache zipoe. Kosa la pili ni dawa: mnyama aliyechomwa penisilini au oksitetrasaiklini wiki hii, chanjo haimshiki. Acha siku 7 hadi 10 kabla na baada ya kuchanja. Wapo wanaochoma vyote viwili siku moja "kwa usalama", kisha wakalaumu chanjo.

Chupa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 mpaka zizini, ndani ya kasha lenye barafu, ila isigusane na barafu yenyewe. Itikise kabla ya kila kuvuta, maana spora hutuama chini. Usipotikisa, wa mwanzo watapata maji na wa mwisho watapata zaidi ya kipimo. Ng'ombe hupewa mililita 1. Kwa kondoo na mbuzi fuata kibandiko, kwani watengenezaji hutofautiana, na mbuzi huvimba zaidi kuliko ng'ombe. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole mpaka isimame kama hema, ingiza sindano fupi chini ya hema hilo, sukuma taratibu. Ukiona unyevu upande wa pili wa ngozi, umetoboa nje, rudia. Chupa iliyofunguliwa imalizwe siku hiyo hiyo. Ukijichoma mwenyewe, osha kwa maji na sabuni, uende kituo cha afya na kibandiko mkononi.

Kinga huchukua kama siku 10 hadi 14 kujengeka, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kimeta hupenda mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi na ng'ombe wanang'oa pamoja na udongo, na mvua za kwanza baada ya ukame. Kwa Arusha na Manyara, Mei ni mwezi mzuri, Septemba umechelewa. Anayefuga jirani na hifadhi asiruke hata mwaka mmoja. Nyati wengi walikufa kwa kimeta katika hifadhi ya Ziwa Nakuru, Kenya, mwaka 2015, na spora hubaki ardhini miongo kadhaa. Waliochanjwa wasichinjwe mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko upite, mara nyingi wiki kadhaa.

Sasa mzoga. Ng'ombe aliyekuwa mzima jioni, asubuhi amekufa, tumbo limejaa kama ngoma, mwili haujakakamaa vizuri, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na mkunduni: usimpasue. Bakteria akiwa ndani ya mzoga uliofungika hufa kwa kuoza. Akikutana na hewa hujigeuza spora, na kisu kimoja kinatosha kuharibu malisho kwa miaka mingi. Weka mtu afukuze mbwa, fisi na tai, funika kwa turubai, mwite afisa mifugo. Sampuli achukue yeye. Kuchoma mpaka majivu ndiyo njia bora. Kuni zikikosekana, zika mzoga mzima na ngozi yake, shimo la mita 2 kwenda chini, mbali na maji, pamoja na udongo uliolowa damu. Chokaa watu humwaga kwa mazoea, lakini Shirika la Afya Duniani halishauri: kalsiamu yake huenda ikazisaidia spora kudumu.

Kundi lihamishwe malisho hayo. Wenye homa watibiwe, wazima wachanjwe.

Kama kuna aliyekwisha kuchuna, aoge kwa sabuni na maji mengi. Sanitaiza haiui spora. Aende kituo cha afya, asisubiri maumivu, kwa sababu kidonda cha kimeta hakiumi. Huanza kama kipele kinachowasha, mara nyingi siku 1 hadi 7 baadaye, kisha lengelenge, kisha kigaga cheusi kama mkaa katikati, na uvimbe mkubwa pembeni. Kikiwahiwa kwa antibayotiki hupona vizuri. Daktari aambiwe wazi wazi kwamba alishika mzoga, la sivyo ataandikiwa dawa ya jipu. Na waliokula nyama hiyo waende naye kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama iliiva vizuri.