Historiografia bila kukariri: anza na Maji Maji

Watu wengi wanaosoma histori chuoni wakifika kwenye historiografia, yaani somo la jinsi historia inavyoandikwa, wanaichukia, na siwalaumu, maana wiki hii unamwagiwa Ranke, yule mwanahistoria Mjerumani, wiki ijayo Marx, inayofuata wale wanahistoria Wafaransa wa jarida la Annales, unakariri majina na miaka, pepa ikiisha kichwani hamna kitu. Mimi nilisoma hivyo muhula mzima nikatoka kapa. Kilichonifungua macho ni kuiweka nadharia pembeni kwanza, nikachukua tukio moja ninalolijua tangu shule ya msingi, Vita vya Maji Maji, vile watu wa kusini mwa Tanganyika walivyopigana na Wajerumani, nikafuatilia wanahistoria walivyolisimulia mmoja baada ya mwingine. Anza hivyo na wewe.

Chukua daftari upige mistari upate safu nne: nani kaandika, mwaka gani, habari kazitoa wapi, na anasema watu walipigana kwa nini. Halafu panga waandishi kwa miaka, hiyo ni muhimu sana usiwachanganye.

Wa kwanza muweke gavana wa Kijerumani, von Götzen, ambaye ndiye aliyekuwa anatawala vita vilipolipuka 1905, na kitabu chake kikatoka 1909. Yeye uzito anauweka kwa waganga na imani ya dawa. Usikimbilie kusema huyu muongo, jiulize kwanza, mtu ambaye utawala wake ndio ulikuwa unalaumiwa, angependa sababu iwe maji ya Kinjikitile, yule mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi, au iwe kodi na mashamba ya pamba ambayo watu walilazimishwa kulima?

Sasa ruka mpaka miaka ya 60. Uhuru umepatikana, chuo cha Dar es Salaam kina idara changa ya historia, Terence Ranger ndiye profesa wake wa kwanza, na 1968 wanafunzi wanaingia vijijini kuwahoji wazee, wengine waliiona vita wenyewe wakiwa wadogo. Ukisoma kazi za wanahistoria Gwassa na Iliffe za kipindi kile, Kinjikitile si mchawi tena, ni kiongozi aliyewaunganisha watu wa makabila tofauti, na Maji Maji imekuwa mzizi wa utaifa. Ushahidi wao ni mpya kweli na nawaheshimu mno kwa kuwahi wale wazee kabla hawajafariki, ila rudi kwenye safu ya mwaka uitazame tena: nchi changa inatafuta umoja, na kwenye vita hivyo unaonekana umoja.

Halafu miaka ya 90 anakuja mwanahistoria Thaddeus Sunseri, anaangalia Uzaramo, karibu na Dar es Salaam, anaona njaa, wanaume wako mbali kwenye kazi za Wajerumani, uwindaji umebanwa, nguruwe pori wanamaliza mazao na wanawake ndio wamebaki na shamba. Vita ni ile ile lakini swali limebadilika, na swali likibadilika hata nyaraka zile zile za Kijerumani zinaanza kusema mengine.

Hapa kaa kidogo, usikimbie. Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na ndivyo vita vilivyotangazwa. Kwamba pamba iling'olewa hakuna anayebisha. Lakini mche ule mkononi ni nini, ushirikina, utaifa, au hasira ya mtu ambaye shamba lake la chakula halijapaliliwa? Chukua na idadi ya waliokufa, Wajerumani walikadiria 75,000, Gwassa anafika 250,000 mpaka 300,000, na sehemu kubwa iliuawa na njaa baada ya askari kuchoma vyakula. Aliyekufa kwa njaa porini mwaka 1907 nani alimhesabu?

Ukishasumbuka na maswali hayo ndio uifungue nadharia, na utashangaa inavyoingia. Ranke alitegemea nyaraka, basi muulize Mmatumbi asiyeandika anaingiaje, hapo unampokea mwanahistoria Jan Vansina aliyeonyesha 1961 jinsi ya kuyapima masimulizi ya mdomo. Kwa Marx, aliyeiona historia kama mapambano ya matabaka, pitia wanahistoria Temu na Swai, ambao 1981 waliibana ile histori ya chuo cha Dar kwamba imeshangilia upinzani ikasahau matabaka. Na usiache utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu vita hivi, upo kwa Kiswahili chetu, nao upitishe kwenye safu zile zile nne, ushairi hauna msamaha.

Ukienda kumhoji mzee usiishie kwenye alichosema, muulize alisimuliwa na nani, wapi, na yeye alikuwa na umri gani, andika na tarehe uliyomhoji.

Kitu kingine, kabla ya kusoma sura ya kwanza ya kitabu chochote soma dibaji na tanbihi, pale ndipo utaona nani alimlipia safari na alizifungua nyaraka za wapi.

Mwisho wa ukurasa acha mstari mmoja ujaze jina lako, mwaka huu, unatoka wapi, na ungependa Maji Maji iwe vita ya nini.