Namna ya Kufanya Uamuzi kwa Kufuata Utaratibu wa Bakteria

Bakteria hana ubongo, na anayesema kwamba kiumbe huyu "anafikiri" anatia chumvi. Hata hivyo, utaratibu wake wa kutafuta riziki unaweza kumfaa mtu mwenye uamuzi mgumu, kwa mfano mwenye duka anayejiuliza kama ahamie mtaa mwingine.

Anza kwa kujilinganisha na hali yako ya juzi, si na jirani. Escherichia coli, mkazi wa utumbo wa binadamu, ana urefu wa takriban mikromita 2, mwili mfupi mno kuweza kutambua ni upande upi wenye chakula kingi zaidi, kwa hiyo hupima kwa wakati: huogelea mbele kwa takriban sekunde 1, hupinduka kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha hushika njia nyingine kwa kubahatisha. Wanasayansi Howard Berg na Douglas Brown walieleza mwendo huo mwaka 1972, baada ya kumfuata bakteria mmoja mmoja kwa darubini maalumu. Waliona kwamba chakula kikiongezeka, bakteria huchelewa kupinduka; kikipungua, hupinduka kama kawaida yake, bila taharuki. Kumbukumbu yake ni ya sekunde chache tu.

Mwenye duka naye afungue daftari, ajumlishe mauzo ya wiki 4 zilizopita, kisha kando yake ya wiki 4 zilizozitangulia, na aandike tofauti. Mauzo yakipanda, asibadilishe kitu. Yakishuka, abadilishe jambo moja dogo na kupima tena. Hapa binadamu amzidi bakteria kidogo, kwa kuwa bakteria hajui kalenda: wiki za Ramadhani au za kufungua shule zisipimwe na wiki za kawaida.

Kisha tafuta mahali ambapo uamuzi wako haurudi nyuma, maana hapo ndipo penye uzito wote. Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, njaa ikimzidi, hujigeuza kuwa spora, yaani chembe ngumu iliyolala ikingoja hali njema, kazi inayochukua takriban saa 7 hadi 8. Akishajenga ukuta unaomgawa vyumba viwili visivyolingana, na kila chumba kikaanza kazi yake, hawezi tena kughairi hata chakula kikirudi. Ndiyo maana kabla ya kufika hapo hujaribu mengine: huogelea kwingine, hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha mabaki, na hata huwaua ndugu zake ili awale, hatua ambayo sitaipendekeza kwa yeyote.

Kwa mwenye duka, ukuta huo ni kulipa kilemba cha fremu mpya pamoja na kodi ya miezi 6. Kabla ya siku hiyo, abadilishe saa za kufungua, apunguze bidhaa zinazokaa rafuni, na kila Jumamosi aweke meza ya bidhaa katika mtaa anaoutamani, mauzo ya meza hiyo yakiandikwa katika ukurasa wake wa peke yake daftarini.