Kufunga boti gatini Tanga: kamba ziachiwe urefu gani

Maelekezo mengi ya kufunga boti yameandikwa kwa gati linaloelea, linalopanda na kushuka pamoja na chombo. Tanga wakati wa bamvua (siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au kupevuka) maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na gati la nguzo halisogei hata kidogo. Ndiyo maana hapa urefu wa kamba unatangulia fundo. Vipimo vifuatavyo ni vya boti ya mita 8 yenye mashine ya nje, inayolala ubavu gatini.

1. Kamba

Nailoni ya milimita 12, vipande vinne vya mita 15. Nailoni huvutika kidogo wimbi linapopiga, kwa hiyo boti haishtuki. Ile ya plastiki ya kijani au buluu inayouzwa kwa jina la manila ni rahisi kwa bei, lakini jua huila haraka, na huelea ikaja kujisokota kwenye propela. Katani nayo, ingawa Tanga ndiko nyumbani kwa mkonge, ikilowa hufupika, na ikikaa na unyevu huoza kuanzia ndani usikoona. Ibaki na kazi za nchi kavu.

2. Tairi

Tairi tatu za gari dogo, zivishwe gunia zisichafue rangi. Tairi pekee huteleza ikakaa kando ya nguzo, kisha ubavu ukasagika. Ning'iniza ubao wa mbili kwa sita, urefu wa mita 2, nje ya tairi mbili, ili ubao ndio usugue nguzo.

3. Kuingia

Elekeza omo (mbele ya boti) kwenye upepo au mkondo, wowote wenye nguvu zaidi siku hiyo. Polepole. Kamba ziwe zimeshatandazwa kabla hujafika.

4. Urefu wa kamba

Kamba ni nne. Moja inatoka omoni kwenda nguzo ya mbele, nyingine inatoka tezini (nyuma ya boti) kwenda nguzo ya nyuma. Mbili zilizobaki ni za mshazari: ya omoni inarudi nyuma, ya tezini inakwenda mbele, zikipishana ubavuni. Hizo ndizo zinazoizuia boti isitambae.

Sasa hesabu. Tuseme umefunga maji yakiwa yamejaa, sitaha iko sawa na gati, na maji yatashuka mita 3. Kamba iliyonyooka mita 12 hadi nguzo itahitaji mita 12 na sentimita 37 boti ikiwa chini. Ya mita 8 itahitaji nyongeza ya sentimita 54. Ya mita 4 itahitaji mita 5 kamili. Na ile fupi ya mita 1 inayokwenda moja kwa moja gatini, ambayo wengi huipenda kwa sababu inaonekana imara, itahitaji zaidi ya mita 3, yaani ulegevu wa zaidi ya mita 2. Usiiache usiku kucha. Kadiri kamba inavyosafiri mbali, ndivyo ulegevu unaohitajika unavyopungua, na boti haizururi maji yakijaa.

Ukifunga maji yakiwa yamekupwa kabisa, kaza kiasi cha kawaida, kwa maana kupanda kutazilegeza zenyewe. Ukifunga katikati, angalia jedwali la maji ujue bado yatashuka kiasi gani, kisha ulegeze kulingana na kiasi hicho na urefu wa kamba.

Kosa linalovunja vyombo ni hili: mtu anafunga wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya maji ikiwa takriban mita 1. Anaridhika, anaondoka wiki nzima. Tofauti huongezeka siku hadi siku, na mwezi unapoandama au kupevuka bamvua huikuta boti na kamba zilizopimwa kwa tofauti ya mita 1. Boti inaning'inia, inalalia upande, maji yanaingia hadi ngama (uvungu wa ndani wa boti) inajaa, au chuma cha kufungia kinang'oka na ubao wake. Anayeondoka zaidi ya siku mbili apigie hesabu bamvua, hata kama leo maji yamelala.

Ulegevu uliopita kiasi nao una hatari yake: boti huingia chini ya gati maji yakiwa chini, kisha yakijaa ubavu hunasa kwenye boriti. Ubao wa hatua ya 2 ndio kinga yake.

5. Kufunga

Nguzoni weka kitanzi kisichokaza. Ukikuta kitanzi cha mwenzako, pitisha chako ndani ya chake kutokea chini, ndipo ukivishe nguzo; hivyo kila mmoja ataondoka bila kumfungua mwingine. Marekebisho yote yafanyike upande wa boti: mzunguko mmoja kamili kwenye chuma cha kufungia, mizunguko miwili ya umbo la nane, kisha kitanzi kimoja cha kufungia.

Kila kamba inapogusa ukingo wa gati, ivishe mpira wa bustani wa sentimita 50 na uufunge usihame. Miezi ya kusi (upepo wa kusini) ukingo wa zege unaweza kula nailoni kwa usiku mmoja.

6. Kukagua

Rudi maji yakikupwa, saa 6 hivi baada ya kujaa. Sukuma boti kwa mkono: isogee. Ukikuta kamba imekaza, usiifungue yote. Toa nane, bakiza ule mzunguko wa kwanza kwenye chuma, na uiachie taratibu vidole vikiwa mbali, maana uzito wa boti nzima uko juu yake.