Jinsi ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye Gmail na WhatsApp bila kujifungia nje

Ujumbe unaingia kwenye simu: tarakimu tatu, kistari, tarakimu tatu nyingine, na onyo kwamba usimpe mtu. Wewe hujaomba kitu. Muda si mrefu mwenzako wa kikoba, kwa namba yake ile ile unayoifahamu, anakuandikia: "Samahani dada, kuna namba nimeituma kwako kwa bahati mbaya, naomba unirushie haraka." Anayeandika si yeye. WhatsApp yake imeshachukuliwa, na sasa tapeli amekufikia wewe. Ukimrushia, akaunti yako inahamia kwenye simu yake, na jioni ndugu zako wanaanza kuombwa laki mbili "mpaka kesho asubuhi".

Namba ya uthibitisho ina mahali pamoja tu pa kuiandika: kwenye programu au ukurasa ulioufungua wewe mwenyewe, muda huo huo. Mhudumu wa benki haihitaji, wa kampuni ya simu haihitaji, na rafiki yako ndiyo kabisa. Ikiingia bila kuiomba, maana yake kuna mtu anajaribu kuingia kwako. Iache ilivyo, wala usimjibu anayeiulizia.

Uthibitishaji wa hatua mbili unaongeza mlango wa pili: anayetaka kuingia kwako anaulizwa kitu kingine zaidi ya nywila au namba iliyokuja kwa SMS. Anza na Gmail, hata kama WhatsApp ndiyo inayokuumiza kichwa, kwa sababu barua pepe ndiyo inayorudisha akaunti nyingine zote ukisahau nywila. Aliyeshika Gmail yako ameshika funguo za nyumba nzima.

Tafuta kalamu na karatasi kwanza. Fungua Gmail, gusa picha yako juu upande wa kulia, chagua kudhibiti akaunti yako ya Google, kisha ingia sehemu ya usalama na utafute uthibitishaji wa hatua mbili. Utaombwa nywila tena. Iandike, halafu fuata maelekezo hadi uwashe. Ukishawasha, usifunge ukurasa. Shuka chini utafute misimbo ya hifadhi, yaani namba za akiba za kuingilia siku ambayo huna simu. Google inakupa misimbo 10, kila mmoja tarakimu 8, na kila mmoja unatumika mara moja tu. Iandike kwenye ile karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako. Usiipige picha ukaiacha kwenye simu, kwa sababu siku utakayoihitaji ndiyo siku ambayo simu imeibiwa. Wengi huruka hatua hii, kisha wanakuja kulalamika kwamba usalama umewafungia nje ya akaunti yao wenyewe.

Sasa amua namba za kuingilia zitakufikiaje. SMS ni nzuri kuliko kukosa kabisa, lakini ina udhaifu wa laini: tapeli akifanikiwa kupewa laini mpya yenye namba yako kwa jina lako, SMS zote zinakwenda kwake. Mimi ningekushauri uweke programu ya kithibitishaji, kama Google Authenticator. Inatengeneza namba mpya ya tarakimu 6 kila baada ya sekunde 30, ndani ya simu yenyewe, bila bando wala mtandao. Kama namba zinakataliwa, angalia saa ya simu kwanza. Iwe inajirekebisha yenyewe.

Kwa anayekwenda Muscat au Dubai kikazi, kithibitishaji ni lazima kabisa. Laini ya nyumbani isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba hiyo inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. SMS zako zitamkuta yeye. Hamisha kila kitu kabla ya kupanda ndege.

Kwenye WhatsApp kazi ni fupi. Nenda Mipangilio, Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, na uwashe. Utaweka PIN ya tarakimu 6 unayoichagua mwenyewe. Tafadhali isiwe ile ya pesa za simu uliyoiongezea sifuri mbili, wala tarehe ya kuzaliwa. PIN hii haiji kwa SMS. Inakaa kichwani mwako, ndiyo maana aliyekulaghai zile namba sita atakwama hapo. Utaombwa pia barua pepe. Iweke, ile Gmail uliyokwisha kuilinda. Bila barua pepe, ukisahau PIN utasubiri siku 7 ndipo uweze kuiweka upya. WhatsApp itakuuliza PIN mara moja moja ili usiisahau, kwa hiyo usishtuke.

Kuna ujanja mwingine. Mtu anakupigia, anajitambulisha kama mhudumu, anakuomba upige namba inayoanza na nyota na 21 au 67 "ili turekebishe mtandao". Ukipiga, simu zako zinaelekezwa kwake, na WhatsApp inapotoa namba ya uthibitisho kwa sauti, anaisikia yeye. Piga *#21# na *#67# kuona kama simu zako zimeelekezwa kwingine, na ##002# kufuta uelekezaji wote.

Kama umeshaibiwa WhatsApp, usipoteze muda kubishana na tapeli. Hakikisha laini iko kwenye simu yako, fungua WhatsApp, andika namba yako, subiri SMS, kisha ingiza zile tarakimu sita. Hapo hapo yeye anatolewa. Hata kama aliweka PIN yake, na wewe ukalazimika kusubiri siku 7, naye hayumo tena. Ujumbe wako wa zamani hakuuona, kwa kuwa unahifadhiwa kwenye simu yako. Ila alioutuma kwa jina lako umeshafika, kwa hiyo wapigie simu watu wa vikundi, tena kwa sauti yako, wasitume pesa.

Ukiwa Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba ya tapeli itume kwenda 15040. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, itume 333 bila malipo.